Petroli ya Mwalimu

Asubuhi ile dukani tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuwa darasa la saba, bosi wangu, na mwalimu wa darasa la mdogo wangu. Ilikuwa Jumamosi, mwaka 2014, Kasulu mjini. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake na vituo vya mafuta havikuwa na petroli. Iliyobaki ilikuwa ndani ya jenereta yetu ndogo, ambayo haikuweza kuwasha kompyuta na mashine ya fotokopi kwa pamoja.

Mwalimu alikuja kutoa nakala za cheti chake cha ndoa. Maombi yake ya uhamisho yalitakiwa kuondoka na basi la Kigoma saa sita, siku ya mwisho ya kupokelewa. Mumewe alikuwa Tanga.

Mimi nilikuwa na katuni ya mtoto anayenawa mikono, ya kuonyeshwa kambini kwa wakimbizi. Gari la shirika lililotupa kazi hiyo lingeipitia saa nne. Jana yake walituletea toleo jipya la programu ya katuni, wakataka kazi ifanyike humo. Plagini yetu, ile programu ndogo inayohamisha michoro kutoka programu ya kuchorea kwenda ya katuni, ilikuwa ya zamani na ikagoma. Ilibidi tupakue mpya kwa modemu.

Bosi aliniambia, bila kunitazama, kwamba gari likiondoka mikono mitupu nami nisirudi Jumatatu. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, Busunzu, tulipomzika mama baada ya baba. Wadogo zangu watatu walikula kutokana na duka lile. Nilimsikia bosi kama ninavyosikia redio ya jirani.

"Anza na yako," mwalimu akaniambia. "Mimi nina mpaka saa sita."

"Mwalimu, mumeo atakuchoka," bosi akasema.

"Achoke. Mimi nimeshachoka kupika ugali wa mtu mmoja."

Mdogo wangu akacheka, kisha akaziba mdomo.

Plagini ilishuka polepole. Ilipokamilika nikahamisha mchoro. Mtoto akaja akiwa kipande kimoja, mkono umegandana na kifua na ndoo. Bosi alikuwa ameupitia usiku. Duka letu lilikuwa na desturi ya kugandisha kila mchoro, yaani kuunganisha vipande vyake vyote kuwa kimoja, kabla ya kufunga, ili mteja wa kadi ya harusi asiupeleke duka la pili wakabadilishe majina tu.

"Umegandisha, bosi?"

"Mimi nagandisha zote. Nilijuaje huyu anatakiwa kutikisika?"

Nikaanza kuukata mkono upya: bega, kiwiko, kiganja. Jenereta ikaanza kukohoa. Nikageuka kumtazama mwalimu. Bahasha yake ilikuwa juu ya mapaja.

"Ukizima kompyuta sasa, nakala zangu zitatoka?" akauliza.

"Zitatoka."

"Na wewe?"

Mwalimu akamtazama mdogo wangu, sare yake iliyofumuka begani.

"Kata mkono," akasema.

Nikakata. Gari lilipopiga honi nilikuwa nachomoa flashi. Muda mfupi baadaye jenereta ikazima. Bosi akazunguka kwa waendesha bodaboda akiomba hata chupa moja, akarudi nayo tupu. Saa sita tulisikia basi likiondoka stendi.

Mwalimu aliingiza cheti kwenye bahasha, akamwambia mdogo wangu asisahau kazi ya hesabu, akaenda.

Jumatatu umeme ulikuwa umerudi. Mwalimu akaja na karatasi zilezile.

"Toa tu," akasema. "Zitakuwa za mwakani."

Nikatoa. Aliniuliza kama yule mtoto ananawa vizuri. Nikasema ananawa. Alikaa Kasulu mwaka mwingine mzima, na mdogo wangu akamaliza darasa la saba mikononi mwake. Kila tulipokutana sokoni alinisalimia kwanza, akauliza wadogo zangu wamekula nini. Nilimjibu. Nilichokuwa nadaiwa hakikuwa kitu cha kubeba mkononi nikampelekea, na mpaka alipohama nilikuwa bado ninacho.