Redio ya Kusikia Malindo

Festus Khisa alifanya kazi ya ulinzi miaka kumi na tisa, katika mageti ya Kitale karibu yote: maghala ya mahindi, kituo cha petroli, shule, hata nyumbani kwa daktari wa mifugo. Miaka hiyo yote redio ya mkononi ilining'inia begani mwake. Alipostaafu, kampuni ilichukua redio, buti na koti zito, ikamwachia kofia kwa sababu ilikuwa imetoboka. Bega la kushoto likabaki limeinama kidogo. Mtu asiyemjua angedhani kuna kitu anakisikiliza chini.

Nilikutana naye mwaka wa elfu mbili na moja, mwezi wa Agosti, kwenye kibanda cha Naim karibu na msikiti wa Kitale. Naim alikuwa fundi wa redio na muuzaji wa vyombo vya umeme vilivyotumika, na mimi nilikuwa nimempelekea tochi yangu aitazame. Festus aliingia macho mekundu, bila hodi.

"Naim, naambiwa uko na skana."

"Salamu kwanza, mzee wangu."

"Salamu nitakupa nikimpata mke wangu."

Naim akamvutia kiti.

Kwa asiyejua, skana ni redio ya mkononi isiyoleta nyimbo wala habari. Inasaka mawimbi ya watu wanaozungumza kwa redio zao, walinzi, madereva, watu wa mashamba makubwa, na wewe unasikia tu. Kusema huwezi. Naim alikuwa amepata mbili kwenye mnada wa mzungu mmoja aliyekuwa anauza shamba na kurudi kwao.

Shida ya Festus ilikuwa hii. Mkewe, Nelima, akili yake ilikuwa imeanza kuvuja miaka miwili nyuma. Alisahau chumvi, akasahau majina ya majirani, halafu akasahau kwamba mama yake mzazi alishakufa. Kila alipoambiwa alilia upya, kama ni leo. Mwishowe Festus aliacha kumwambia. Jumanne moja aliondoka kwenda kuchota maji, aliporudi chumba chao cha Kipsongo kilikuwa wazi na Nelima hayuko.

Jirani mmoja alisema amemwona akielekea barabara ya Endebess. Wa pili akasema Kapenguria. Wa tatu akaapa alimwona amesimama karibu na lori za Bungoma. Festus alipiga ripoti polisi, wakaandika. Jumatano akakimbia mpaka Myanga, huko Bungoma, alikozaliwa Nelima, akauliza boma kwa boma, akarudi mikono mitupu. Na mahindi wakati huo yalikuwa marefu. Mtu akianguka ndani ya shamba hata ng'ombe hamwoni.

Basi akawakumbuka walinzi wenzake. Kampuni yao ilikuwa na malindo kuanzia Kitale hadi Bungoma na vijiji vyake, na mlinzi wa geti huona kila anayepita. Rafiki yake Wangila, aliyelinda ghala moja pale mjini, aliwapitishia wenzake maneno redioni saa ya chakula, mkubwa akiwa hayuko: mama mzee, gamubuti za kijani, kitambaa chekundu kichwani, akionekana semeni. Festus akakaa na Wangila getini kungoja jibu. Mkubwa wa zamu alipomkuta hapo alimwambia, "Mzee, geti si benchi. Nikikuona tena, huyu rafiki yako ndiye atatafuta kazi."

Ndiyo maana alitaka skana. Namba ya wimbi la kampuni aliijua kama jina la mtoto wake.

Naim akaziweka mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa nzuri kweli, nyembamba, kioo kinawaka kijani, antena fupi kama kidole cha mwisho. "Hii ina nafasi mia mbili za kuweka mawimbi," Naim akasema. "Inapita yote yenyewe, ikisikia mtu inasimama. Ati hata umelala, yenyewe inasaka."

Ya pili ilikuwa nzito, imefungwa utepe mweusi mgongoni, nafasi kumi tu, antena ndefu ya kukunjuka. Namba za kioo zilikuwa zimekufa vipande, nane inaonekana kama sita.

"Na hii?"

"Hii ni ya mtu maskini, bana."

"Niko hapa."

Wakaziwasha. Zote mbili zikamleta mlinzi wa kituo cha petroli akisema hali ni shwari, safi kama amesimama nyuma ya pazia. Naim akafurahi. Festus akatikisa kichwa.

"Huyo tunamwona kwa macho, Naim. Hapa hata mwiko ungemshika. Mimi nalala Kipsongo, kwa shimo. Twende tukazijaribu huko."

"Nifunge duka?"

"Mimi nikifunga macho nikamwona mke wangu kwa mtaro, wewe unaniambia duka?"

Naim akafunga duka. Nami nikafuata, kwa sababu tochi yangu ilikuwa ndani na kwa sababu sikuweza kubaki.

Kule Kipsongo, kwenye chumba chenye kuta za makaratasi na magunia, ile nzuri ilikwenda mbio juu ya mawimbi yake mia mbili na haikumshika mtu. Kwa mbali ilidaka maneno mawili ya kilimo, ikaruka. Festus akaiambia, "Simama, mama," kama mtu anayemwita ng'ombe. Haikusimama. Tena betri yake ilikuwa ya kuchajiwa, na hapo stima ilionekana kwa mbali tu, kwenye nguzo za barabarani. Ile ya utepe akaiwekea mawe sita ya tochi, akaikunjua antena, akazungusha kifundo cha kupunguza mvumo mpaka ikabaki kama mafuta yanayokaangwa. Ndani ya hayo mafuta akatokea mtu: "...Kanduyi hapa, geti limefungwa, ova."

Festus akaketi chini ghafla. Kanduyi ni Bungoma.

"Nimechukua hii."

"Lakini hii lazima uishike wewe mwenyewe," Naim akamwonya. "Sauti ikipungua ugeuze antena. Ukisinzia, imepotea."

"Nani alikwambia ninasinzia?"

Akamwachia Naim baiskeli yake, wakapeana mikono. Salamu akampa wakati huo, akisema, "Naim, hujambo?" Naim akageuka upande, akapangusa uso na shati.

Kutoka hapo Festus hakuondoka juu ya kichuguu kilicho nyuma ya vyumba vyao, maana hapo ndipo sauti ilipatikana vizuri. Ijumaa, Jumamosi. Nilimpelekea uji, akanywa akiwa ameshika antena. Sauti za walinzi zilikuja kila nusu saa: shwari, shwari, lori limeingia, mbwa amekufa mbele ya geti, mwenye shule analewa. Alizijua karibu zote. Wakati mwingine alicheka kidogo, "Huyu bado anadanganya, yuko ndani anakunywa chai," halafu uso ukarudi kuwa mweusi. Jumapili asubuhi mawe yalianza kufa. Akayaanika juani, akayarudisha, akawa anawasha dakika chache tu kila nusu saa. Aliniambia, "Nikiiwasha naogopa kusikia. Nikiizima naogopa zaidi."

Jumapili saa saba mchana sauti ya mwanamke ilikuja, nyembamba.

"Kontroli, hapa Myanga, ghala. Iko mama mzee hapa kwa geti. Gamubuti kijani. Anauliza kama mama yake ametoka soko. Nifanye nini, ova?"

Festus akasimama. Kidole gumba kikaenda ubavuni mwa skana, mahali ambapo redio ya kazi ina kitufe cha kusema. Kikabonyeza utepe. "Mshike!" akapiga kelele. "Peris, mshike! Ni wangu!" Alikuwa amemjua kwa sauti. Akabonyeza tena na tena, mpaka utepe ukachanika, na ile redio ikaendelea kukaanga mafuta yake.

Halafu kontroli, yule wa ofisini anayeamrisha malindo yote, akajibu: "Myanga, mtu akae getini hapana. Mwondoe, ova."

Amri ile Festus mwenyewe aliitii miaka kumi na tisa. Aliniambia baadaye kwamba wakati ule alimwona kila mtu aliyewahi kumwondoa, hata mwanamke mmoja mwenye mtoto, siku ya mvua.

Tukakimbia. Mzee kama yule, sikujua ana mbio. Wangila alikuwa getini mwake mjini, akatuona, akaanza kutupungia mkono turudi.

"Festus, usinifanyie hivi. Mkubwa yuko hapo nyuma."

"Yuko Myanga. Wanamfukuza. Nipe redio."

"Nikikupa, kesho watoto wangu..."

"Basi sema wewe! Sema tu amshike!"

Wangila akatazama nyuma, akatazama uso wa rafiki yake. Akaitoa redio begani. "Peris, Peris, Wangila hapa. Huyo mama ni wa Festus Khisa. Usimwache."

Kisha kontroli: "Nani huyo anaongea? Toka hewani! Peris, rudi kwa geti lako mara moja!"

Peris hakujibu. Wangila akaita tena, mara mbili. Hakuna. Mkubwa wa zamu akatokea nyuma ya ghala, akanyoosha mkono, Wangila akamkabidhi redio. Festus akataka kupiga magoti, Wangila akamzuia. "Usipoteze wakati na huyu. Nenda."

Lori la mahindi lilitupakia hadi Bungoma, sisi juu ya magunia. Njia nzima Festus aliishika skana sikioni. Mawe yalikuwa yamekufa kabisa, haikutoa hata mvumo, naye hakuishusha. Nilimwambia Mungu yupo. Akaniambia, "Najua yupo, baba. Nauliza Peris yupo?"

Pale Bungoma tukakodi boda mbili za baiskeli. Tulifika Myanga jua likielekea kuzama. Geti la ghala lilikuwa limefungwa, na ndani alisimama mlinzi mwanamume ambaye Festus hakumjua.

"Peris yuko wapi?"

"Peris amefutwa. Aliacha lindo mchana, akamkimbilia mwendawazimu fulani kwa reli."

"Wakaenda wapi?"

Yule mlinzi akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara.

Walikuwa wameketi chini ya paa la duka lililofungwa. Peris, mwanamke mnene wa kama miaka thelathini, alikuwa bado na suruali ya kazi, koti tayari limechukuliwa. Kona ya leso ya Nelima alikuwa ameifunga kwenye mkono wake mwenyewe, fundo mbili.

"Kukhu huyu ana mbio," alituambia, akimwita nyanya kwa Kibukusu, huku akifungua fundo kwa meno. "Kila nikisema kaa, anasema mama atachelewa. Si nikaona nimfunge kama mbuzi, mnisamehe."

Festus alipiga magoti mbele ya mkewe. Gamubuti moja haikuwepo, na mguu ulikuwa umevimba, umepasuka. Akaushika kwa mikono miwili.

"Nelima. Ni mimi."

Nelima akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni wa kanisa. Akauvuta mguu wake polepole.

"Baba, usinishike. Mimi nina bwana."

Hapo ndipo nilipomsikia Festus akilia, siku zote hizo sikuwa nimemsikia. Peris akatazama barabara. Baadaye Festus akajipangusa, akavua kofia yake, akamwuliza mkewe kwa sauti ya chini, sauti ya kazini, "Bwana wako anaitwa nani, mama?"

"Festus. Yuko Kitale, analinda."

"Namjua. Amenituma nikuchukue."

Nelima akafikiri. Akamwuliza Peris kama huyu mzee ni mtu mzuri, Peris akasema ndiyo, kukhu, ni mtu mzuri. Ndipo Nelima akanyoosha mkono ili ainuliwe.

Festus akambeba mgongoni mpaka barabarani. Njiani mkewe alimwonya kwamba huyo Festus ni mtu wa wivu, kwa hiyo akifika amshushe mbali kidogo na mlango, na yeye akawa anaitikia, "Sawa, mama. Nitakushusha mbali."