Betri Inayoruka

Mfagiaji wa maktaba ya mji wa Duluth, Marekani, hubeba betri kwenye mfuko wa shati, nzima na zilizokwisha zimechanganyika. Kabla ya kuitia betri kwenye padi ya gemu, huiangusha wima mezani: ikiruka, imekwisha; ikitua na kutulia, ina nguvu. Huinamisha sikio kama mtu anayesali.

Jumamosi ile, katikati ya fainali ya mashindano ya gemu pale maktabani, padi ya msichana mmoja, Signe, ilizimika. Kanuni humpa mchezaji nusu dakika tu kuiwasha tena. Akichelewa, zawadi ya mshindi, safari ya Chicago, ni ya mpinzani wake, Tanner.

“Nunua ya kuchaji kama yangu,” Tanner akamkejeli. “Hiyo ni redio ya bibi.”

“Yako betri ikifa, inazikwa pamoja na padi yake,” mfagiaji akajibu, mikono ikiwa kazini.

Betri ya kwanza ikaruka. Ya pili ikaruka. Signe akang'ata ukosi wa fulana.

“Babu, tia yoyote tu.”

“Tulia, mjukuu wangu.”

Ya tatu ikatulia. Ya nne nayo. Akazisukuma ndani, taa ikawaka zikiwa zimebaki sekunde tatu, Signe akarudi mchezoni. Mfagiaji akaziokota zile mbili zilizokwisha, na hapo ndipo zilipomponyoka, zikaruka tena sakafuni.