Shingo ya Sweta Haifungwi kama Gunia

Sweta huharibikia mwishoni. Unaweza kuifuma vizuri wiki tatu, halafu shingo ikuaibishe kwa nusu saa. Mimi nilijua hivyo hapa Kitengela, nikiwa na miaka hamsini na mbili, na mjukuu niliyekuwa nimemwona mara moja tu.

Binti yangu anaishi Bisil. Alihama nyumbani mwaka ule babake alinipiga mkono wa kushoto kwa mguu wa kiti. Kule hospitali niliandikisha ati nilianguka. Sikuanguka. Ni mume wangu, na mamake alikuwa amesimama mlangoni akisema, "Vumilia, hata sisi tulivumilia." Nawataja wote wawili kwa sababu siku ile sikuwataja. Binti yangu alikuwa kando yangu nikimdanganya daktari. Kupigwa alinihurumia, lakini ule uongo hakunisamehe.

Niliondoka kwa huyo mwanamume baadaye, tena kwa miguu yangu. Binti hakurudi. Mwaka huu ndio akapiga simu. "Mama, mtoto anashikwa na baridi asubuhi. Unaweza kumfumia sweta?" Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Hakuwa ameniomba kitu tangu aende.

Basi nikafuma, vidole viwili vya mkono ule uliopigwa vikiwa havikunjiki, vingine vikivifanyia kazi. Kifua na mgongo vikatoka sawa. Shida ilikuwa kwa kingo. Baba yangu alinitoa shule darasa la tatu nikashone midomo ya magunia ya viazi, na mkono uliofunzwa gunia haujui kulegeza. Kila kitanzi cha mwisho nilikivuta mpaka kikalia.

Jirani yangu, mama Mmaasai anayetunga shanga, akapita, akanisalimu kwa Kimaasai kama kawaida yetu.

"Takwenya!"

"Iko!"

Akachukua ile sweta, akajaribu kupitisha ngumi shingoni. "Hii ni ya mtoto ama ya chupa?"

"Si ya mjukuu wangu?"

"Sasa mbona umemfunga kama viazi? Unaogopa atamwagika?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakaa, akaniambia polepole, "Yeiyo, mama yangu, mimi nikitunga shanga ya shingoni naiacha ipumue. Mwenye kuivaa atacheza. Lazima iruke na yeye."

Nikafumua shingo yote. Nikaokota vitanzi upya, na mstari wa mwisho nikabadilisha sindano, nikachukua ile nene. Kitanzi kimoja kinapita juu ya mwenzake pole, kama mtoto anayemruka ndugu yake aliyelala. Huvuti. Mikia ya uzi niliiingiza ndani ya mshono, ikaenda mbele, ikarudi nyuma kidogo, bila fundo, kwa sababu fundo litamkwaruza mtoto. Nikamaliza mkono wa kulia wa sweta vilevile. Ule wa kushoto nilikuwa nimeshaufunga zamani, na kwa uvivu wangu sikuurudia.

Walikuja Jumamosi. Binti alisimama katikati ya nyumba na viatu vyake, mkoba begani, kama mtu aliyetumwa. Mtoto alinitazama akiwa nyuma ya sketi ya mamake.

"Kuja kwa koko, kwa nyanya yako," nikamwambia. Akaja.

Shingo ikapita. Kichwa kikatokea upande wa pili, nywele zimesimama, akacheka. Mkono wa kulia ukaingia. Wa kushoto ukakwama kwenye kidole gumba. Nikasukuma, akaanza kulia.

Binti akainama, akapima ule ukingo kwa kidole chake. "Hapa pamefungwa sana. Nini ilifanyika?"

Maneno yalikuja yenyewe, nimeyazoea: uzi ulikuwa mbaya, uliingia maji ukajivuta. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikaza, halafu nikaona uvivu kurudia."

Binti alimtoa mtoto mkono taratibu, akampangusa pua na kiganja. Nje kuku wa jirani walikuwa wanapigania ganda la ndizi.

"Inachukua muda kufumua?"

"Huo mkono tu, kidogo."

Akaweka mkoba chini. Kisha akavua viatu, kimoja baada ya kingine, akakaa kwenye mkeka na mtoto mapajani.

"Fumua, basi," akasema. "Tutangoja."