Pua ya Fundi wa Matangi

Fundi wa matangi hapa Ukunda hana papara. Madereva wa Landkruza za watalii humletea matangi ya mafuta yaliyotobolewa na mawe ya mbuga ya Tsavo. Yeye huyaosha kwa sabuni ya unga mara tatu, huyaanika juani, kisha hupiga goti, hufumba macho na kutia pua kwenye mdomo wa tangi. Hunusa kwa muda mrefu, kama mtu anayeomba dua. Mvuke wa petroli ukibaki ndani, cheche moja ya kuchomelea yatosha kumuua. Mimi hukaanga viazi karai ubavuni mwake, na miaka yote hiyo sikuwa na hofu.

Mwezi uliopita alinusa, akasema, "Halina kitu," akavaa miwani yake ya kuchomelea. Nilikuwa nimempelekea chai, na harufu ya petroli ikanipanda kichwani.

"Fundi, mbona bado lanuka?"

Mikono yake yenye makovu ikatulia. Hakunitazama. "Lanuka sana, Mama Warda?" akauliza kwa sauti ya chini. "Tangu ile homa ya mwaka jana sisikii hata harufu ya karafuu. Tafadhali, usimwambie mtu."

Siku hizi huniletea kila tangi nimnusie, na akinikuta na wateja husingizia kuja kunywa chai. Leo nimeamka na mafua, hata moshi wa viazi vyangu siusikii. Namwona anakuja, tangi begani. Nikimwambia pua yangu imeziba, najua atapiga goti anuse mwenyewe, kisha avae miwani yake.