Nilivyokwenda Kariakoo Kuitafutia Viatu Mashine ya Theluji

Nilikwenda Dar es Salaam kwa sababu mke wangu alikataa kubebwa kwa kitanda.

Masika ya mwaka uliotangulia, jirani yetu Bi Somoe alishikwa na uchungu. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kimehamishiwa juu ya kilima, zahanati iko ng'ambo, na katikati ni bonde la Rufiji, maili nne za tope jeusi. Wanaume sita wakamlaza kitandani wakambeba. Walizama mpaka mapajani, kitanda kikaenda upande, na mtoto akazaliwa katikati ya bonde huku wabebaji wamegeuza nyuso wakihesabu ndege. Mama na mtoto walisalimika. Lakini Mwanahawa, mke wangu, alikuwa ameandamana nao na aliyaona yote. Alipofikia mwezi wa saba wa mimba yetu ya pili, aliniambia kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:

"Baba Zuhura, kitanda mimi nakilalia nyumbani. Masika haya utanitafutia kitu kingine."

Kitu kingine tulikuwa nacho, ila hakikuwa kinaenda. Kijiji kilikuwa na marafiki katika nchi moja ya baridi kali, wakatuandikia kuuliza tunahitaji chombo gani cha usafiri. Katibu wetu, aliyekuwa amechoka kusukuma magari, aliwajibu kwamba chochote kisicho na magurudumu kitafaa. Baada ya miezi minane likaja sanduku kubwa la mbao. Ndani mlikuwa na mashine ya kuendea juu ya theluji, ya rangi ya manjano, na kitabu chenye picha za watu waliovaa manyoya wakicheka.

Mimi nilikuwa dereva wa trekta la kijiji, na kwa kuwa trekta lilikuwa limekufa, mashine nikakabidhiwa mimi. Injini iliwaka kwa kelele ya mashine ya kusaga. Mkanda mpana wa mpira ulioko nyuma ulilishika tope vizuri kuliko trekta lilivyowahi kulishika. Tabu ilikuwa mbele. Pale ambapo pikipiki ina gurudumu, ile ilikuwa na viatu viwili virefu vya chuma, vyembamba, vilivyotengenezwa viteleze juu ya theluji. Juu ya tope letu havikuteleza. Vilichimba kama jembe, mashine ikainua matako, na mimi nikatangulia kufika. Nilipokata usukani kulia, ilikwenda mbele. Nilipokata kushoto, ilikwenda mbele vilevile.

Mwenyekiti alikuwa na haraka yake. Wilaya ilikuwa imetuma habari kwamba ikiwa mashine haifanyi kazi itachukuliwa ikawekwe kwenye maonyesho. Akaniandikia barua, akaipiga mhuri mara mbili, nami nikafungua kiatu kimoja nikakifunga kwenye gunia. Kilikuwa na urefu wa kunifika kifuani.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Mwanahawa akiwa ameshaingia mwezi wa tisa, niliondoka Kibiti juu ya lori la mkaa. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza na barabara ilikuwa na makorongo. Tulishuka kusukuma mara tano. Mara ya tano dereva aliuliza kama kile kiatu changu kinaweza kuwekwa chini ya tairi. Kiliwekwa, lori likatoka, nami nikaona kwamba nimebeba kitu cha maana.

Kongowe, saa nane mchana, askari wa kizuizi alitaka kujua kuna nini guniani. Nikampa barua. Aliisoma taratibu. Mwenyekiti alikuwa ameandika hivi: "Ndugu huyu anakuja mjini kukitafutia kijiji viatu. Tafadhali asaidiwe." Askari alinitazama miguu, nami nilikuwa pekupeku, kwa sababu kandambili zangu zilibaki kwenye korongo la tatu. Akarudisha barua kwa heshima na kunitakia heri. Gunia hakulifungua.

Ilala, saa kumi, nilifika kwa shemeji yangu Rajabu, kaka yake Mwanahawa. Alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, mtu mnene, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, na alivuka hata dimbwi dogo kwa kuinua suruali kwa mikono yote miwili. Nilimweleza habari za dada yake. Kabla sijafika kwenye mashine, alikuwa ameshaisoma barua na kuiweka mfukoni.

"Shemeji, hilo niachie mimi," alisema. "Namfahamu mtu."

Jumanne asubuhi Rajabu alinipa karatasi ya kibali, akanipeleka mpaka kwenye duka moja la ushirika hapo Kariakoo, akaniacha kwenye foleni na kukimbilia kazini. Foleni ilizunguka kona. Wakati ule mtu akiona foleni alisimama kwanza, ndipo akauliza kunauzwa nini. Aliyekuwa mbele yangu alidhani ni sabuni, wa nyuma alikuwa na hakika ni khanga. Mimi nilifikiri shemeji amepata kweli duka la vipuri. Nikafika dirishani saa sita, jua la utosi.

"Namba ngapi?" aliuliza muuzaji bila kuinua macho.

Nikatoa kiatu guniani nikakiegemeza dirishani. Akakitazama kuanzia chini mpaka juu.

"Hii namba hatuna," alisema. "Aliyefuata."

Mchana huohuo nilizunguka maduka ya vipuri ya Mchafukoge. Huko nako neno "hakuna" lilikuwa limezoea mdomo kiasi kwamba wengine waliniambia kabla sijasalimia. Muuza duka mmoja mzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ndiye pekee aliyekishika. Alikipindua, akakinusa, akauliza ni cha gari la mwaka gani. Nikamweleza kila kitu. Alifikiri kwa muda mrefu, akasema hakuna, lakini kama kingekuwapo angekuwa nacho yeye. Halafu akaniambia nikatafute Fundi Komba, Mtaa wa Msimbazi, anayetengeneza kila kitu kutokana na springi za malori.

Jumatano nilimkuta Fundi Komba barazani mwake, mbele ya tanuri la moto. Alitoka Songea zamani na alikuwa akiongea na chuma zaidi ya alivyoongea na watu. Alisikiliza shida yangu yote, mpaka habari ya Bi Somoe, bila kuacha kugonga. Alipomaliza kugonga, alinipa somo ambalo kitabu cha watu wa manyoya hakikunipa. Kiatu cha mbele, alisema, kina kazi mbili zisizopatana: kibebe uzito kisizame, na kikamate chini ili kikate kona. Changu kilikuwa hakifanyi hata moja.

"Hakina nguvu," akahukumu. "Nitakufanyia cha springi."

Akavifua viwili, vinene, vizuri kutazama, kutokana na springi za lori la tani saba. Mimi nilitaka kuvichukua nirudi siku ileile, maana nilikuwa nikihesabu siku za Mwanahawa kichwani. Fundi akakataa katakata. Kazi yake haitoki bila kujaribiwa. Tope lilikuwapo karibu, Bonde la Msimbazi. Mashine haikuwapo, basi akapigilia mbao juu ya viatu vyote viwili, akaweka mpini wa kugeuzia, akakodi wasukuma mikokoteni wanne wavute kwa kamba. Kilichobaki ni uzito. Fundi alimtazama Rajabu, aliyekuja kunisalimu akitoka ofisini.

"Huyu ndugu," alisema, "anatosha kabisa nusu ya mbele ya injini."

Rajabu alikataa. Nikamkumbusha dada yake. Akatandika gazeti juu ya ubao, akakaa.

Msimbazi, saa kumi na nusu jioni, watu walikuwa wameshajaa ukingoni kama kwenye mpira. Mimi nilishika mpini nyuma ya Rajabu. Wavutaji wakavuta. Viatu vya springi vilikwenda hatua tatu, vikazama kwa uzito wao wenyewe, ubao ukasimama ghafla, lakini Rajabu hakusimama. Tulipomwinua, kalamu zote mbili zilikuwa bado mfukoni, hiyo ndiyo sifa yake, ila hatukuweza kuona mfuko uko wapi.

Watu walipokuwa wakicheka, mama mmoja alikuja kutoka kwenye matuta ya mchicha akiwa na jembe begani. Jina lake Bi Tatu, na lile tope lilikuwa shamba lake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kupunguza hasira, akauliza nani ametuma watu wazima waje kulima kwa makalio. Nikamweleza. Nilipotaja mama mjamzito na maili nne, alishusha jembe. Akatuonyesha kitu alichokuwa akivuta kwa kamba nyuma yake, kimejaa mchicha wa kupeleka sokoni. Kilikuwa karai kuukuu, pana, lenye ukingo uliokunjwa juu. Lilielea juu ya tope kama bata.

"Mwanangu, tope halitaki nguvu," aliniambia. "Linataka upana. Na pua iinuke. Huyo fundi wako amewahi kutembea humu?"

Fundi Komba alisema yeye ni fundi wa chuma, si wa mboga. Bi Tatu akamjibu kwamba chuma chake kiko humo chini, akitaka akakichimbue. Walibishana mpaka wavutaji wakakaa kitako. Mwishowe fundi aliinama akalipima karai lile kwa shubiri, akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Alhamisi fundi alikata pipa la mafuta, akatengeneza viatu vya upana wa shubiri mbili, kingo zimekunjwa, pua zimeinuka. Mchana tukarudi bondeni. Rajabu aliomba ruhusa ofisini kwa sababu za kifamilia na akaja amevaa kaptura ya kuazima. Viatu vilielea. Vilielea hata tulipotaka kugeuka: nikakata kulia, vikateleza kushoto, ubao ukaenda ubavuubavu kama kaa, ukapita matuta mawili ya mchicha na Rajabu juu yake akiomba radhi kwa kila tuta.

Niliogopa tutafukuzwa. Bi Tatu alikuja, akatazama matuta yake, akamtazama Rajabu, ambaye alikuwa ameshika mchicha mikononi hajui auweke wapi. Akamwambia aupande aliko­utoa, naye akapiga magoti akapanda. Kisha Bi Tatu akaingia topeni na kutuonyesha nyayo zake. Anapotaka kukata kona, alisema, hakanyagi kwa unyayo wote, anachimba kwa ukingo.

Fundi Komba aliinama akapima kina cha unyayo mmoja kwa kidole. Akaondoka bila kuaga. Ijumaa asubuhi nilimkuta amechomelea nondo nyembamba chini ya kila kiatu, katikati, kutoka puani mpaka kisigino, na juu ameweka bapa moja la springi kuwa uti wa mgongo. Kwenye tundu la bolti alikuwa ameweka kipande cha tairi ili kiatu kisipigepige. Jioni tulijaribu. Nikakata kulia, tukaenda kulia. Nikakata kushoto, tukaenda kushoto. Tulilizunguka shamba zima bila kugusa jani. Bi Tatu alitikisa kichwa mara moja tu kukubali, na Fundi Komba alimwambia, huku akitazama pembeni, kwamba ile nondo ilikuwa wazo zuri. Rajabu aliomba tuzunguke tena.

Jumamosi nilipanda lori kurudi, na kwa kuwa mvua zilikuwa zimeongezeka, nilifika kijijini Jumapili mchana. Watu walikuja mbio kutazama viatu vya kijiji. Wazee wawili walikasirika kweli, walikuwa wamejipimia nyayo kwa kijiti tangu Mwenyekiti alipotangaza safari yangu.

Nilivifunga kufuata maagizo ya fundi: vyote vielekee mbele sambamba, bolti ikazwe lakini kiatu kiweze kuinua pua chenyewe. Nikaenda peke yangu bondeni, nikakata kona nne, nikarudi. Siku ya tisa tangu nirudi, Mwanahawa alisema mgongo unamuuma kwa namna anayoijua. Mvua ilikuwa ikinyesha. Alipanda nyuma yangu, akanishika kiuno, na maili nne zile tulizimaliza kabla khanga yake haijalowa yote. Muuguzi aliposikia ngurumo alifunga dirisha. Mtoto wetu wa kiume alizaliwa alasiri ile, juu ya kitanda kilichotulia sakafuni.

Jioni nilimuuliza mke wangu ameionaje safari. Alisema kelele ilikuwa nyingi mno na nilipita karibu mno na viboko, lakini kwenye kona nilikuwa sawa.

Mashine ilitufanyia kazi masika mawili, kisha mkanda ukakatika, na mkanda wa namna ile haukuwapo Kibiti wala Dar es Salaam wala kwa mzee wa miwani. Wilaya ikaja kuchukua mashine kwa ajili ya maonyesho. Walipokuwa wakiipakia walikuta mbele imekaa juu ya matofali. Viatu tulikuwa tumeshavifungua usiku wa kuamkia siku hiyo, tukavipigilia mbao juu na kufunga kamba.

Katika safari ile nilijifunza kwamba kitu kilichotoka mbali kinahitaji kuonana na mtu anayelijua tope, na mtu huyo huwa hakai dukani. Hadi leo wanaume wanne wanavivuta topeni, na mama mjamzito anakaa juu yake kwenye mto wa sufi. Mwanahawa amekwisha kuvipanda tena kwa mtoto wa tatu. Anasema ni afadhali kuliko mashine, maana njiani mnaweza kuzungumza.