Injini Ndani ya Stoo

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, hakupenda mtu aguse jenereta yake ya kuchomelea. Aliinunua baada ya kuhangaika miaka mingi kwenye kazi za ujenzi huko Syokimau, na aliporudi nayo nyumbani Mitaboni alinitafuta mimi kwanza, kwa sababu nilikuwa nimesomea kuchomelea kwenye polytechnic ya kijiji na nilikuwa na wateja wangu. Mimi nikaleta wateja, yeye akaleta mashine. Lakini kuiwasha, kuizima, kupima oili, kuongeza petroli, yote aliyafanya yeye akiwa amenipa mgongo. Siku moja nilimwona akimimina petroli injini ikiwa bado ya moto. Nilipomwambia angoje ipoe, alinijibu bila kugeuka, "Shemeji, hii mashine naijua." Tangu hapo nikashuku kuna kitu kibovu kwenye ile injini ambacho hakutaka nikione.

Kazi ya Ekalakala tulipewa na mfanyabiashara wa ng'ombe, Mwislamu mwenye asili ya Kisomali anayeishi Machakos mjini. Alikuwa amejenga stoo ya mawe kando ya soko, ya kuwekea nyasi na chakula cha mifugo, na alitaka tumchomelee rafu za vyuma ndani yake. Umeme haukuwa umefika pale. Alikuwa mtu mpole wa maneno, ila kila alipopita aliangalia vipande vya chuma vilivyobaki kama mtu anayejua vitapungua. Mimi nami nilimwangalia. Stoo ilikuwa imejengwa ikigusa kabisa mpaka wa shamba la jirani, na nilijiuliza mpaka huo ulipimwa na nani.

Jirani mwenyewe alikuja siku ya kwanza, tulipokuwa tumeweka jenereta nje, kando ya mlango. Alikuwa mama wa makamo, mkulima, rozari shingoni na udongo mwekundu kwenye pindo la leso. Hakutusalimu sisi. Alikwenda moja kwa moja kwa tajiri wetu.

"Mimi sina neno na mafundi," alisema. "Lakini niko na mjukuu mchanga kwa nyumba, na hiyo kitu inanguruma kutoka asubuhi. Mtoto halali."

"Sawa, mama. Nitaangalia."

"Ulisema utaangalia hata ule mpaka."

Alipoondoka, tajiri alitugeukia. "Huyu mama anatafuta sababu ya kwenda kwa chifu. Msimpe. Ingizeni mashine ndani na mfunge mlango."

Nilisema hapana. Kwenye polytechnic tulifundishwa kwamba injini hukaa nje, mahali pa wazi, na nilimuuliza shemeji moshi utakwenda wapi. Alitabasamu, akaenda kwenye rundo la chuma, akarudi na bomba refu. Alilifunga kwenye ekzosi ya injini kwa waya na kipande cha bati, akalipitisha kwenye tundu la ukuta hadi nje. Akawasha. Nilitoka nikauona moshi ukipumuliwa nje kwenye ncha ya bomba. Niliporudi ndani sikuona moshi wowote. Hata hivyo sikuyapenda yale mafundo ya waya, na niliyachukia zaidi kwa sababu yalifungwa na yeye.

Kesho yake yule mama alituletea chai. Alisimama mlangoni na chupa na vikombe viwili, akaviweka juu ya jiwe, akasema kwa Kikamba tunywe ingali moto, akaenda zake.

Shemeji alifungua chupa, akanusa, akanywa. Mimi nilikunywa pia, nusu kikombe tu, nikiwaza. Jana alikuwa na hasira, leo ana chai. Kilichobadilika ni nini? Mchana kichwa kilianza kunigonga kwenye paji. Shemeji alisema kichefuchefu kimemshika. Tulikula mahindi na maharagwe nje, chini ya kivuli cha ukuta, tukapata nafuu kidogo. Tuliporudi kazini, maumivu yakarudi.

"Ni ile chai," shemeji alisema tulipokuwa tukifunga jioni. "Huyu mama hataki hii stoo iishe. Sisi tukiugua, kazi inasimama."

Ndivyo nilivyokuwa nikifikiri mimi pia, ila kulisikia neno hilo kutoka mdomoni mwake kulinifanya nilitilie shaka. Alikuwa na haraka mno ya kupata mkosaji.

Siku iliyofuata chai ilikuja tena. Nilimshukuru, nikamwita mwaitu, mama yangu, kama inavyopasa kumwita mwanamke wa umri wake, na macho yangu yakamsoma usoni. Uso haukuniambia kitu. Alipoondoka tuliiacha chai kwenye chupa, hakuna aliyegusa. Kufikia saa nne kichwa kilikuwa kikinipasuka, na miguu ilikuwa mizito kama nimepanda vilima vya Kangundo na gunia mgongoni. Nikasimama nikiwa nimeshika holda, kile kishikio cha rodi za kuchomelea, nisijue nilikuwa nimekusudia kuchomelea wapi. Chuma nilikuwa nimekipima mwenyewe muda mfupi uliopita.

Hapo ndipo fikra iligeuka. Chai sikuinywa. Chakula cha asubuhi nilikula kwangu. Nilijiuliza kama ni rangi ya vile vyuma, maana chuma kilichopakwa zinki hutoa moshi unaoumiza mchomeleaji, lakini vyuma vyetu vilikuwa vyeusi, havina zinki. Nilimtazama shemeji. Alikuwa amekaa karibu na ile injini, akikata vyuma kwa grainda, akiyumba kidogo.

"Shemeji, tuzime tutoke," nilimwambia.

"Wewe toka. Mimi namalizia hii."

Nilitoka kwa kisingizio cha kutafuta rodi kwenye sanduku la vifaa nje. Nilitaka hewa, na nilitaka kuona kama kichwa kitatulia nikiwa peke yangu, mbali na mashine. Kilianza kutulia. Nikasimama pale, nikitazama ncha ya bomba ukutani. Moshi uliokuwa ukitoka ulikuwa mwembamba sana, kama wa mtu anayezima sigara. Mwingine ulikuwa unakwenda wapi?

Grainda ilinyamaza ndani. Injini iliendelea kunguruma. Nilimwita shemeji kwa sauti, hakuitika.

Nilivuta pumzi, nikasukuma mlango wote wazi, nikakimbilia kitufe cha kuzimia injini. Alikuwa ameegemea ukuta, miguu imenyooka mbele, ngao ya kujikinga na cheche bado usoni kama mtu aliyelala kazini. Nilipoiinua, matapishi yalikuwa kifuani na macho yalikuwa nusu wazi. Nilimshika makwapani nikavuta, nikashindwa, nikatoka kuvuta pumzi, nikapiga ukemi. Aliyekuja wa kwanza alikuwa yule mama, akiwa na jembe mkononi. Alilitupa. Nilimwambia asikae ndani, tumvute tu, na tukamvuta, mimi mkono mmoja na yeye mwingine, mpaka kwenye mchanga wa nje.

Tajiri alikuja na pikapu yake. Kabla hatujamlaza shemeji vizuri kwenye kiti cha nyuma, alirudi mlangoni akaichukua ile chupa ya chai, akaifunga ndani ya gari.

"Shemeji yako aliniambia jana kuhusu hii chai. Daktari ataipima," alisema, bila kumtazama mama.

Mama alisimama akiwa amekunja mikono.

Njiani shemeji alifumbua macho akasema neno moja, "Chai." Tajiri alinitazama kwenye kioo, na nikajua kwamba nisiposema lolote, ile habari itafika sokoni kabla yetu.

"Leo hatukuinywa," nilimwambia. "Fungua uone. Chupa imejaa. Na mimi pia naumwa kichwa."

Kwenye kituo cha afya, daktari, mwanamke kijana, alimmulika machoni kwa tochi, akamhesabia pumzi, halafu akaniuliza, "Mlikuwa mmewasha jiko la makaa ndani?"

"Hatukuwa na jiko," nilisema. "Tulikuwa na injini."

"Ndani ya nyumba?"

"Ndani ya stoo. Moshi tuliutoa nje kwa bomba."

Alitikisa kichwa. Alisema hewa inayoua hapo haionekani wala hainuki, na kwamba kutoona moshi hakumaanishi kitu. Akamwekea shemeji oksijeni, akamwandikia kwenda hospitali kubwa, na mimi mwenyewe akanikalisha nivute oksijeni hiyo kabla hajaniruhusu kusimama. Tajiri alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona akiifungua chupa na kuimwaga chai chini ya ua.

Niliporudi Ekalakala jioni hiyo kuchukua vifaa, nilikwenda kwanza kwa yule mama. Nilimkuta akipepeta mbaazi uani, mtoto amelala kwenye leso kando yake. Nilimweleza alichosema daktari.

"Nilijua mnanishuku," alisema. "Jana nilipoinua chupa ilikuwa imebaki na chai."

"Na leo ukaleta tena?"

"Ningeacha mngesema nimeshtuka." Alipepeta kidogo. "Nililetea nyinyi chai kwa sababu mlipeleka kelele ndani. Mtoto alilala. Sikujua mlikuwa mnajifungia na kifo."

Nilimwomba msamaha. Aliupokea kwa kuinamisha kichwa tu, na sikuona kwamba alikuwa ameniamini.

Kutoka hapo niliingia stoo, mlango ukiwa wazi kabisa. Nililifungua lile bomba la shemeji. Pale lilipoungana na ekzosi, chini ya bati, masizi yalikuwa yameupaka ukuta rangi nyeusi tii. Moshi ulikuwa ukivujia hapo tangu siku ya kwanza, nyuma ya injini ambayo sikuruhusiwa kuikaribia. Nikapata jibu la alichokuwa akinificha: hakuwa akinificha ubovu wowote. Hakuijua ile mashine, na hakutaka nijue kwamba haijui.

Alipotoka hospitali, shemeji alirudi kazini akiwa amekonda na mwenye kusahau sahau. Asubuhi ile aliisukuma jenereta mwenyewe hadi upande wa pili wa zizi la ng'ombe la tajiri, mbali na stoo na mbali na nyumba ya mama, akanyoosha nyaya ndefu mpaka mlangoni. Nilimuuliza upepo unatoka wapi. Aliokota vumbi, akaliachia, akaigeuza ekzosi ielekee upande vumbi lilikopeperukia. Petroli ilipoisha mchana alikaa kwenye jiwe akingoja injini ipoe.

Tulimaliza zile rafu. Lakini nasikia huko Mitaboni, wanaume wakikaa, shemeji bado husimulia kwamba kuna mwanamke wa Ekalakala aliyetaka kumuua kwa chai. Nikiwapo yeye hubadili mazungumzo. Nisipokuwapo, sina hakika kama hulitaja lile bomba.