Msumari katika Chumba cha Kankindi

Kankindi alitandika vitanda vya watu miaka mingi katika gesti moja pale Biharamulo, na hakuna hata kimoja alichowahi kukilalia. Wahudumu walilala stoo, kwenye magodoro yaliyokataliwa na wateja. Alipoolewa na Gidioni wa Mugoma, wakalima kahawa na maharage mpaka wakasimamisha nyumba ya matofali, alikuwa na sharti moja tu: chumba chao cha kulala kiwe kama kile walichokuwa wakipewa wakubwa.

Najua habari hizi kwa sababu shuka nilimuuzia mimi. Nauza mtumba sokoni Biharamulo, na siku za mnada nafika hadi Mugoma. Nilimshauri achukue za kahawia, maana udongo wa kule ni mwekundu na haubembelezwi. Akataka nyeupe. Nikamtajia bei ya mjinga, akanitajia bei ya mwizi, tukaelewana katikati, na nilipokuja kufunga mzigo nikakuta ameshachomoa mito miwili na taulo kama nyongeza. Mwanamke wa namna hiyo namheshimu.

Mnada uliofuata nikafikia kwake. Kabla ya kunionyesha chumba alininawisha miguu kwenye beseni, mimi mtu mzima. Ukuta mweupe, pazia limeshuka mpaka sakafuni, taa za sola mbili, kulia na kushoto kwa kitanda, chandarua kimefungwa juu kama kilemba. Miguuni amelaza kitambaa chekundu, na juu yake taulo imekunjwa ikawa ndege mwenye shingo. Shuka zilikuwa zimebanwa chini ya godoro hadi zinalia ukizigonga. Gidioni alikuwa amejaribu kuingia kitandani jana yake, akapenyeza mguu mmoja, ukakwama, akauliza kama huku ni kulala au ni kufungwa mzigo.

Hawakuwa wamekilalia bado. Rangi ilikuwa ikikauka, na Kankindi alikuwa amepanga iwe Jumapili, baada ya misa, kama watu wanaofungua kanisa. Tukiwa bado tunacheka, Gidioni akaingia na simu mkononi. Baba yake, mzee Niyibizi, ametoka Kibimba kwa bodaboda na atakaa mpaka mavuno yaishe. Akaongeza, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba mzee atalala chumba kile kipya. Kisha akaenda barabarani kumpokea.

Kankindi akakaa kwenye kigoda, akicheka kama mtu aliyedondosha trei ya mayai. Baba mkwe humnyimi chumba kizuri. Na akishalala yeye, atafuata shemeji, atafuata katekista, na kila mgeni wa Gidioni. "Nimerudi gesti, mama Abeli," akaniambia. "Tena safari hii bila mshahara."

Nikakizunguka kile chumba upya, kama ninavyokagua robota la mtumba kabla ya kulinunua. Nikamuuliza nguo zao ziko wapi. Akasema kwenye magunia, sebuleni, nyuma ya kiti. Gestini kazi ya kwanza ilikuwa kufuta kila alama ya aliyelala, na mkono wake ulikuwa umezoea.

"Hapo ndipo ulipoharibu," nikamwambia. "Umetengeneza chumba kisicho na mwenyewe. Nani atakiogopa?"

Alinielewa papo hapo. Baba mkwe wa huku hakanyagi anapolala mkamwana wake, hata nyumba iwe inavuja. Lakini ajue vipi, wakati hakuna hata leso ya mtu? Nikasema tugongee msumari. Kankindi akashika ukuta wake kama mtoto mgonjwa. Nikataka wa inchi nne, juu ya kitanda. Akataka wa inchi mbili, nyuma ya mlango. Tukabishana huku pikipiki inasikika bondeni, tukamalizana kwa inchi tatu, mahali panapoonekana kutoka mlangoni. Tukatundika suruali ya shamba ya Gidioni, na juu yake kile kitenge ambacho mzee mwenyewe alikileta siku ya harusi.

Mzee akafika, Kankindi akapiga magoti, shikamoo baba, marahaba mwanangu. Gidioni akamwongoza kwa majivuno, akafungua mlango. Mzee akachungulia, akamsifu ndege, akauliza ni bata au ni korongo. Mguu ulishainuka kizingitini ndipo akakiona kitenge. Akarudi nyuma upesi hadi akamkanyaga mwanawe.

"Gidioni, wewe ni mzima? Unataka nikalale kwa mkamwana wangu?"

Gidioni akautazama msumari, akaitazama suruali yake. Mzee akapelekwa chumba cha pili, kwenye godoro lao la zamani ambalo bado ni nene, na Kankindi akampa mto mmoja kati ya ile ya nyongeza. Mzee akashukuru. Akaomba kitu kimoja tu, kama si usumbufu: yule bata. Akapelekewa.

Jumapili haikungojwa. Alasiri hiyo hiyo, ugali ulipoliwa, Kankindi akaingia chumbani, akafunga mlango. Tukasikia shuka zikichomolewa kwa nguvu, kisha mtu anacheka peke yake. Gidioni akabisha hodi.

"Umenawa miguu?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Nilimwacha akitafuta beseni. Jirani yao Consolatha alikuwa ameshanisimamisha nje, anauliza shuka nyeupe, na bei ya mjinga nilikuwa nayo bado.